Shajara ya mradi: mrija wa kufyonzea unaoachia tishu upesi

Shajara hii tunaiandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kutengeneza kifaa kama hiki, au kukichukua tulipofikia na kukiendeleza. Hatua za kawaida tumezipitia harakaharaka. Nafasi kubwa tumeipa yaliyokwama, kwa sababu ndiyo yatakayomwokolea mwingine muda na chuma. Yote yaliyoandikwa hapa yamefanyika kwenye benchi la majaribio. Hakuna mgonjwa aliyeguswa na kifaa hiki.

12 Januari 2025: Tatizo lenyewe

Mrija wa kufyonzea huwa mkononi tangu chale ya kwanza hadi uzi wa mwisho. Huondoa damu, maji ya kusafishia, moshi na unga wa mfupa ili daktari aone anachokata. Maumbo yake makuu ni ya zamani. Kuna ule mnene wenye kichwa cha mviringo unaobeba jina la Sidney Yankauer, daktari wa masikio, pua na koo wa mwanzoni mwa karne ya 20. Kuna pia ule mwembamba wenye tundu la kidole kwenye mpini, ambalo daktari hulifunika ili ncha ivute na kulifunua ili iachie, unaobeba jina la Charles Frazier, daktari wa upasuaji wa ubongo. Wa kwanza hufanya kazi kooni na kwenye majeraha mapana. Wa pili huingia palipo finyu: sikioni, puani, kwenye uti wa mgongo, kwenye ubongo. Mradi huu unahusu huo wa pili.

Hatari yake inahesabika kwa penseli. Nguvu inayoshika tishu ni shinikizo mara eneo la tundu la ncha. Ombwe la milimita 500 za zebaki chini ya shinikizo la hewa ni karibu kilopaskali 67. Tundu la kipenyo cha milimita 3 lina eneo la milimita za mraba 7 hivi. Zidisha, unapata karibu nusu nyutoni, sawa na uzito wa gramu 48. Ngozi haitajali. Neva ya uso iliyoachwa wazi, vena nyembamba au ubongo wenyewe hauwezi kustahimili hivyo: tishu inavutwa ndani, inachubuka, na daktari akirudisha mkono kabla haijaachia, inararuka.

Ukutani, mahali mrija unapounganishwa na chanzo cha ombwe, kuna kidhibiti cha kulipunguza. Lakini damu ikifumka ghafla kidhibiti hufunguliwa hadi mwisho, na kila mtu anabaki na kazi ya kuzuia damu, si ya kurudi ukutani. Kwa hiyo sharti letu la kwanza ni kwamba kifaa kiwe salama hata chanzo kikiwa kimefunguliwa chote. La pili, kisiwe na kipande chochote kinachoweza kuchomoka na kubaki ndani ya mwili. La tatu, kila uso unaoguswa na damu uweze kufikiwa na burashi.

Juu ya hayo yote tumeweka kipimo kimoja: kidole kikiinuliwa, ncha iachie. Mirija mingi husifiwa kwa jinsi inavyovuta. Huu tutaupima kwa jinsi unavyoachia.

26 Januari: Benchi la majaribio

Pampu ya ombwe, chupa ya kukusanyia, kidhibiti, na bomba laini la mita 3 lenye upana wa ndani wa milimita 7. Badala ya damu tunatumia glisirini iliyochanganywa na maji, asilimia 40 kwa uzito. Mnato wake, yaani ugumu wake wa kutiririka, ni zaidi ya mara tatu ya ule wa maji, karibu na wa damu. Badala ya ubongo tunatumia jeli ya agarosi ya asilimia 0.6, ambayo hutumika sana maabara kwa kazi hiyo. Itengenezwe asubuhi ya jaribio. Ikilala wazi inatoa maji, inakakamaa, na majibu yake yanakuwa mazuri kuliko ukweli.

Jambo moja la kuzingatia kwa anayenakili. Sensa ya shinikizo ikiwekwa mpinini, haisemi kinachotokea nchani. Hewa ikiwa inapita, shinikizo hupotea njiani ndani ya shingo ya mrija, na usomaji wa mpinini unaonyesha ombwe kubwa kuliko lililopo mbele. Tuliitupa mipangilio hiyo yote na kutengeneza bamba bapa la chuma lenye kitobo cha milimita 1 kinachokwenda kwenye sensa upande wa nyuma. Ncha inabanwa juu ya bamba kama inavyobanwa na tishu, na tunasoma kile ambacho tishu ingekipata.

Mrija wa kuanzia: kipenyo cha nje milimita 4, yaani namba 12 kwa kipimo cha French, ambacho namba 1 ni theluthi ya milimita. Ukuta ni nusu milimita, tundu la ndani milimita 3, shingo sentimita 15.

9 Februari: Tundu la kidole halizimi

Tulitengeneza tundu la kidole la umbo la tone, kama lilivyo kwenye mirija ya kawaida, lenye eneo la milimita za mraba 12. Imani ya wengi ni kwamba tundu hili ni swichi: funika, inavuta, funua, imezima. Bamba limeonyesha jambo jingine. Chanzo kikiwa 500, tundu likiwa wazi kabisa, nchani bado kulibaki karibu milimita 70 za zebaki.

Sababu yake ni rahisi ukiifuata hewa. Tundu likifunguliwa, hewa yote ambayo bomba linaweza kumeza inalazimika kupita hapo. Kwenye benchi letu ni lita 60 hivi kwa dakika. Kuipenyeza hewa hiyo kwenye milimita za mraba 12 kunahitaji tofauti ya shinikizo, na tofauti hiyo ndiyo inayosikika ndani ya mpini, kisha nchani. Kadiri pampu inavyokuwa na nguvu na bomba linavyokuwa pana, ndivyo mabaki hayo yanavyokuwa makubwa. Maana yake ni kwamba hospitali ikinunua pampu bora, mrija uleule unakuwa mgumu zaidi kuachia.

Kwenye jeli ilionekana kwa macho. Tulifunika tundu, jeli ikapanda ndani ya mrija. Tukafunua. Jeli ilishuka nusu tu, ikabaki imening'inia kama ulimi. Mkono ulipovutwa, kipande kilikatika na kubaki ndani. Hicho kipande ndicho mradi huu mzima.

23 Februari: Tundu pana, glavu ikaingia

Dawa ya wazi ilikuwa kupanua tundu. Mabaki ya shinikizo yanapungua kwa kipeo cha pili cha eneo, hivyo tundu likikaribia kuwa maradufu, mabaki yanashuka hadi karibu robo. Tulikwenda milimita za mraba 22, na nchani ikabaki 20 hivi. Jeli ilidondoka yenyewe.

Ndipo tukavaa glavu, jozi mbili, moja juu ya nyingine, zikiwa zimelowa. Tundu la duara la eneo hilo lina upana wa zaidi ya milimita 5. Ombwe kamili linavuta mpira wa glavu kwa nguvu ya karibu nyutoni moja na nusu. Glavu ilifura kuelekea ndani, ikabana, na kidole kilipoinuliwa mpira ulikawia kutoka. Kuchelewa huko kunatupa faida yote tuliyoipata. Zaidi ya hapo, ukingo wa tundu ulianza kuacha alama kwenye glavu, na glavu iliyochubuka ni hatari kwa daktari mwenyewe.

Jaribio la kwanza la kurekebisha lilikuwa kuweka mbavu mbili nyembamba zikikatiza tundu. Glavu haikuingia tena. Tulimpelekea muuguzi wa chumba cha upasuaji aliyekubali kutushauri tangu mwanzo. Aliugeuza mpini kwenye mwanga, akauliza, "Na hapa nyuma ya hizi mbavu nitasugua na nini?" Hatukuwa na jibu. Mbavu zikaondoka siku hiyohiyo.

Suluhisho lililobaki ni umbo, si kuongeza vipande. Tundu limekuwa mfereji mrefu: upana milimita 3, urefu milimita 8, upande wa mbele ukichongoka kama mkia wa tone. Eneo ni lilelile, 22 hivi, lakini mpira wa glavu unashikwa na kingo mbili zilizo karibu na haupati nafasi ya kufura. Mkia ule mwembamba unampa daktari uwezo wa kupunguza kidogokidogo kwa kurudisha kidole nyuma taratibu.

Kisha tukazungusha kingo za mfereji kwa nusu-kipenyo cha milimita 1. Lengo lilikuwa kuondoa mluzi, kwa kuwa hewa inayokatwa na ukingo mkali hupiga kelele, na sikioni kelele hiyo iko karibu mno na kiungo kinachofanyiwa upasuaji. Mluzi ulikwisha. Na hewa ikapita kwa urahisi zaidi, mabaki yakashuka kutoka 20 hadi 12. Ikiwa utachukua kitu kimoja tu kutoka kwenye shajara hii, chukua hicho: zungusha kingo za tundu la kidole kabla ya kufikiria kulipanua.

16 Machi: Vali ya springi, na kwa nini tumeiacha

Kidole kinashughulika na kuachia kwa makusudi. Kuna hali nyingine: kidole kimefunika, ncha imegusa tishu bila daktari kutaka. Hapo tunahitaji kinga isiyongoja mtu aamue.

Tuliweka vali ndogo mpinini, kisahani cha silikoni kinachosukumwa na springi, kilichopangwa kufunguka ombwe likizidi 200. Siku ya kwanza ilikuwa furaha. Ncha ilibanwa kwenye bamba, vali ikafunguka kwa mlio mdogo, sensa ikasimama 200 na kidogo.

Tukapitisha maji ya chumvi na damu ya ng'ombe iliyotiwa sitrati ili isigande, tukaiacha usiku mmoja bila kuosha, kwa sababu vifaa huchelewa kuoshwa na kila anayefanya kazi hospitali anajua. Asubuhi vali haikufunguka kwa 200, wala 300, wala 500. Chumvi na protini vilikuwa vimekigundisha kisahani mahali pake. Baada ya kuosha ilifunguka kwa 260, siku nyingine 230, siku nyingine haikufunga vizuri na mrija ukapoteza nguvu.

Tungeweza kubadilisha springi na silikoni hadi tupate inayodumu zaidi. Hatukufanya hivyo, na sababu yetu ni moja: vali iliyokwama haionekani tofauti na vali nzima. Daktari anaendelea kuamini kinga ambayo haipo, na anasogea karibu zaidi na neva kuliko ambavyo angesogea na mrija wa kawaida. Kinga inayokufa kimyakimya ni mbaya kuliko kukosa kinga. Kuanzia hapo tumeandika kwenye mchoro: hakuna kitu kinachosogea.

Gharama ya hatua hii ilikuwa kubwa kuliko ya mirija yote ya chuma iliyotangulia, kwa sababu sehemu ndogo za vali zinachongwa moja moja na nyingi zilitupwa.

6 Aprili: Matundu ya pembeni

Wazo la matundu ya pembeni karibu na ncha si jipya. Ncha ikizibwa na tishu, hewa inaingia pembeni na ombwe linapungua. Tulitoboa matundu matatu ya duara ya milimita 1, milimita 3 nyuma ya ukingo.

Bamba likasema hapana. Ncha ikiwa imezibwa, shinikizo lilibaki juu ya 350. Matundu hayo matatu kwa pamoja hayafiki eneo la milimita za mraba 2.4, na bomba linameza hewa hiyo bila kuhisi. Inaonekana kama kinga, inasikika kama kinga, lakini tishu bado inashikwa kwa nguvu ya zaidi ya theluthi moja ya nyutoni. Nimeona mirija yenye vitobo vya namna hii na nilikuwa nikidhani imetatua tatizo. Anayetaka kujua kama vitobo vya mrija wake vinafanya kazi aupime kwenye bamba, na apime kwa bomba na pampu anazotumia kweli.

Hesabu ilituambia kwamba ili ombwe lishuke hadi karibu 150, eneo la matundu ya pembeni linapaswa kuwa sawa na la tundu la mbele, milimita za mraba 7. Tukakata mianya mitatu mirefu yenye miisho ya nusu duara, kila mmoja upana milimita 1.2 na urefu 2.2, ikizunguka mrija kwa nafasi sawa. Bamba likasoma kati ya 140 na 160. Nguvu kwenye tishu imeshuka hadi chini ya theluthi ya ile ya mwanzo, kidole kikiwa bado kimefunika. Jeli ilipanda kidogo tu na kusimama.

Faida hii ilikuja na bei. Kwenye tabaka jembamba la majimaji, mianya inavuta hewa badala ya majimaji, na kukausha sahani kulichukua karibu maradufu ya muda. Daktari mmoja anayetushauri alilipinga jambo hili kwa nguvu, na alikuwa na haki: damu isiyoondolewa inamfanya daktari akate bila kuona, na hiyo nayo ni hatari ya mrija. Kwa hiyo tukajaribu hali inayomtisha zaidi, dimbwi lenye kina. Humo mianya yote inazama, inavuta majimaji pamoja na tundu la mbele, na muda wa kumaliza dimbwi haukupungua wala kuongezeka kwa namna inayohisika. Tumekubali kupoteza kasi kwenye tabaka jembamba. Damu inayofumka hujaa kwanza, na hapo mrija haupungukiwi.

Kabla ya kukubali tulijaribu njia mbili nyingine. Ya kwanza, kuchonga mapengo kwenye ukingo wenyewe wa ncha. Jeli ni laini mno, ilijaza mapengo yote ikaziba kama hayapo. Ya pili, ala ya nje yenye vitobo vingi juu ya mrija wa ndani, kama ilivyo kwenye mrija wa Poole unaotumika tumboni. Tumboni inafaa kwa kuwa kuna nafasi. Kwa milimita 4, pengo kati ya ala na mrija lilikuwa jembamba sana, na unga wa mfupa uliochanganyika na maji uligeuka saruji humo ndani. Na ala inayovuliwa ni kipande kinachochomoka, kinyume na sharti letu la pili.

4 Mei: Ndani ya mrija

Mianya ilikatwa kwa leza. Nje ilionekana safi. Tulipopitisha kamera nyembamba ndani, tuliona kila mwanya umezungukwa na matone ya chuma yaliyoyeyuka na kuganda, mengine yenye ncha kama mwiba. Nyuzi za kuigiza damu iliyoganda, ambazo tulizitengeneza kwa alginati na kalsiamu, zilinasa hapo moja baada ya nyingine hadi mrija ukaziba. Burashi nayo iliacha nywele zake kwenye miiba hiyo. Nywele ya burashi iliyobaki ndani ya mrija siku moja itatokea ndani ya mtu.

Kusugua kwa mkono hakufiki. Kilichofanya kazi ni kupitisha uji mzito wenye chembe za kusugulia ndani ya mrija kwa shinikizo, mbele na nyuma, kisha kung'arisha kwa umeme kwenye tindikali. Kazi hiyo tuliipeleka nje kwa fundi mwenye mashine, na ndiyo iliyomeza sehemu kubwa zaidi ya fungu la chuma. Usiiruke. Mrija usiosuguliwa ndani, hata uwe na mianya ya vipimo sahihi kabisa, ni mtego.

Jambo la pili lilikuwa ngazi. Mrija wa milimita 3 ulikuwa unaingia kwenye tundu la mpini kwa ukingo uliosimama wima, na nyuma yake kulikuwa na kona ambayo burashi haiwezi kuifikia. Tulipaka ndani mchanganyiko wa damu na rangi, tukaacha ukauke, tukaosha kwa utaratibu wa kawaida, kisha tukapasua mrija kwa urefu. Kote kulikuwa safi isipokuwa kona hiyo, iliyokuwa na pete nyekundu. Hofu hii si ya kinadharia. Mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu tishu zilizobaki ndani ya vifaa vya kunyolea tishu ndani ya viungo kama goti, hata baada ya kuoshwa.

Sasa njia ya ndani inapanuka taratibu kuelekea nyuma, bila ngazi hata moja: milimita 3 nchani, 3.5 mpinini, 5 mahali bomba linapoungana. Inaleta faida ya pili: donge lililoweza kupenya nchani halina pa kukwama mbele ya safari.

1 Juni: Gundi, joto na uamuzi wa mpini

Vielelezo vya mwanzo vilichapwa kwa printa ya 3D. Kwa kutafuta umbo vinafaa sana. Kwa mvuke wa nyuzi 134 havifai: vilipinda kwenye mzunguko wa kwanza.

Mpini wa pili ulikuwa wa polifenilisulfoni, plastiki inayostahimili joto hilo, ukigundishwa kwenye mrija wa chuma cha pua cha aina ya 316L. Plastiki ilivumilia. Gundi haikuvumilia. Plastiki na chuma havipanuki sawa vikipashwa moto, na baada ya kurudiarudia mvuke, mrija ulianza kuzunguka ndani ya mpini. Fikiria mwanya wa ncha uliokuwa unatazama juu sasa unatazama neva. Pia pale gundi ilipoachia palibaki ufa, na ufa ni makazi ya vijidudu.

Tumehamia kwenye mpini wa chuma ulio wazi ndani, umechomelewa kwa leza kuzunguka mshono wote. Uzito umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Tuliupunguza kwa kufanya ukuta wa mpini kuwa mwembamba, na tukagundua kwamba mikono ilikuwa inalalamikia zaidi bomba kuliko kifaa. Sentimita 40 za mwanzo za bomba sasa ni za silikoni laini, na mzigo wa kifundo cha mkono umepungua kuliko hata wakati wa mpini wa plastiki. Silikoni hiyo iwe na ukuta mnene. Nyembamba ilijikunja bapa kwa ombwe la 400 na mrija ukafa.

Mpini wa chuma umeleta swali ambalo bado liko mezani. Chuma kinapitisha umeme. Kifaa cha umeme cha kukatia na kuzuia damu kikigusa shingo ya mrija, tishu yoyote inayoegemea mrija inaweza kuungua mahali ambapo daktari hatazami. Tulijaribu kupaka shingo utando usiopitisha umeme. Ulikaa vizuri, kisha ukapata mikwaruzo kwenye trei ya vifaa. Utando wenye kitobo kidogo unakusanya umeme wote mahali pamoja, na kuungua kunakuwa kwa kina zaidi. Kwa sasa mrija ni mtupu, na onyo limechorwa kwenye mpini lisifutike.

22 Juni: Mikononi mwa watumiaji

Madaktari na wauguzi waliutumia kwenye fuvu la plastiki lililojazwa jeli, taa zikiwa kali, glavu zikiwa zimelowa. Tuliangalia mikono yao, hatukuuliza maoni hadi mwisho, na tunafuata IEC 62366-1, kiwango cha kupima jinsi kifaa cha tiba kinavyotumika mikononi mwa watu, katika kuandika tunachokiona.

Wengi waliupokea mrija bila kuutazama, macho yakiwa kwenye kidonda, na dole gumba likatafuta mfereji kwa kupapasa. Mpini ulikuwa laini kila mahali, hivyo kidole kilitua pembeni na kuacha sehemu ya mfereji wazi. Tumeongeza ukingo mdogo ulioinuka nusu milimita kuzunguka mfereji. Ulipoinuka zaidi ya hapo, hewa ilipenya chini ya kidole na nguvu ikapungua.

Waliozoea mirija ya kawaida waliendelea kuzungusha mrija ili kusukuma tishu kando kwa shingo yake. Hatukutegemea mianya ingeleta shida hapo, lakini kingo zake zilikwaruza jeli. Kingo za nje sasa zimezungushwa pia.

Wauguzi walitaka kuona kama mrija ni safi bila kungoja kamera. Tumenyoosha njia ya ndani ya mpini ili ukiutazama kwenye mwanga kutoka nyuma, uone hadi pale shingo inapopinda. Pinda lenyewe limepunguzwa ili burashi moja ndefu ipite kutoka mwisho hadi mwisho.

13 Julai: Tulipofikia

Kwa chanzo cha 500 na bomba la mita 3: kidole kikifunika na ncha ikizibwa, 150 hivi. Kidole kikiinuliwa, 12 hivi, na kushuka huko kunachukua takriban sehemu ya kumi ya sekunde, muda ambao bomba linahitaji kujaa hewa. Bomba refu zaidi litachelewa zaidi.

Faili la hatari linaandikwa kwa kufuata ISO 14971, kiwango cha kudhibiti hatari za vifaa vya tiba, na kila badiliko lililo humu lina mstari wake. Majaribio ya upatanifu wa chuma na mwili kwa ISO 10993-1 hayajaanza. Tunangoja umbo litulie, maana kila badiliko la kung'arisha linaweza kulazimisha kurudia. Maelekezo ya kuosha yanaandikwa na wauguzi wenyewe, sisi tunayahariri tu.

Gharama kwa mpangilio, kubwa kwanza: kusugua na kung'arisha ndani, kuchomelea kwa leza, vali iliyotupwa, kisha sensa. Mirija ya 316L yenyewe ilikuwa karibu bure ukilinganisha na hayo.

Kwa anayenakili: vipimo vya mianya na mfereji vimefungamana na bomba letu. Ukitumia bomba la upana wa milimita 9 au pampu yenye nguvu zaidi, hewa itaongezeka na mabaki ya shinikizo yatapanda. Pima upya kwenye bamba kabla ya kukata chuma. Ukiongeza mfereji, usizidi upana wa milimita 3; ongeza urefu. Na ukipata utando usiopitisha umeme unaostahimili trei na mvuke, hapo ndipo tutakapoendelea na ingizo lijalo.